Vida na Hitilafu ya Kilometa ya Sita

Vidosava, ambaye wilaya nzima inamwita Vida tu, anapenda hitilafu za umeme jinsi watu wengine wanavyopenda umbea. Umeme ukikatika, wenzake ofisini hushika vichwa. Yeye husogeza kiti, hujimiminia kahawa nzito, na kusema, "Haya, niambie, nani kakugusa?" Maneno hayo anauambia waya. Mumewe Ljubiša humtania kwamba laiti angesikilizwa yeye hivyo nyumbani, ndoa yao ingekuwa ya mfano. Vida humjibu kwamba waya angalau haumalizi jibini na kumsingizia paka.

Kazi yake ni hii. Waya ukiguswa na kitu kisichotakiwa kuugusa, umeme mwingi hukimbilia hapo kwa fujo, na kwenye kituo cha mjini kuna kifaa kinachokata laini na kuhifadhi vipimo: volti zilikuwa ngapi, mkondo ulikuwa kiasi gani. Vida hugawa kimoja kwa kingine, akapata impidansi, yaani jumla ya ubishi wote ambao umeme uliukuta njiani. Na ubishi huo una sehemu mbili, hapo ndipo utamu ulipo. Kuna ubishi wa waya wenyewe, unaoongezeka kwa kila kilometa, na kuna ubishi wa kile kitu kilichougusa. Ukizijumlisha zote ukadhani ni waya mtupu, utatumwa mbali kupita kiasi. Lakini waya mrefu una tabia ya sumaku ambayo tawi halina na jiwe halina, na tabia hiyo hujitokeza kwenye hesabu peke yake. Vida huitumia hiyo kupima umbali, na kinachobaki humwambia kilichogusa ni kitu cha namna gani. Chuma kwa chuma hakibakizi kitu. Tawi bichi hubakiza. Siku moja alimwambia fundi kwa simu, "Nenda nguzo ya nyuma ya kinu, utamkuta bundi," na bundi akakutwa hapo, maskini, miguu juu. Tangu siku hiyo kuna watu mjini humo wanaomwogopa kidogo.

Basi ilikuwa Julai, na Julai huku kwetu Serbia ya magharibi ni malina, yale matunda madogo mekundu yanayooza hata ukiyatazama vibaya. Kila mtu yuko shambani, mgongo umepinda, vidole vyekundu, na jioni makasha yote huishia kwenye vyumba vya baridi. Asubuhi hiyo laini ya Donje Jasenje ilikatika. Mitambo ikairudisha yenyewe, ikakatika. Ikairudisha tena, ikakatika tena. Vida hajasogeza hata kiti, simu ikalia.

"Somo yangu, umeme hakuna!" Ilikuwa sauti ya Stamenka.

"Najua, somo. Naona hapa."

"Unaona? Basi kama unaona, urudishe!"

Stamenka ndiye aliyemsimamia Vida ndoa yake, na huku kwetu aliyekusimamia ndoa ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Ukimwangusha huyo, huna pa kuficha uso wako. Ni mjane, sauti yake inasikika bonde la pili, na ndiye anayeendesha vyumba vya baridi vya kijiji.

"Kuna kitu kimelalia waya," Vida akamwambia. "Jenereta je?"

"Jenereta gani? Lile la marehemu? Linakohoa kama alivyokuwa akikohoa mwenyewe! Linabeba chumba kimoja, Vida, na vyumba viko vinne, na vyote vimejaa hadi mlangoni. Mimi ndiye niliyewaambia watu wasiwauzie wachuuzi wa barabarani. Mimi! Nikasema leteni kwangu, tutauza pamoja, tutapata bei ya maana. Wakaniamini. Zikiyeyuka, nitapita njia gani hapa kijijini? Nitakaa kanisani benchi gani?"

"Usifungue milango. Baridi itashika mpaka jua lianze kuinama. Mpaka hapo nitakuwa nimekipata."

"Niapie."

"Stamenka, niache nifanye kazi."

"Hujaapa!"

Vida akaapa. Kisha akashusha pumzi, akavuta vile vipimo, akaanza kutenganisha sehemu zile mbili za ubishi. Haikumchukua muda hata kahawa kupoa. Ni kilometa sita na kidogo kutoka kituoni, na kilichobaki kilikuwa kikubwa mno kwa chuma, kidogo mno kwa udongo mkavu. Tawi bichi, limelala juu ya nyaya mbili. Angeweza hata kulichora. Akampigia Tihomir, msimamizi wa mafundi wa laini, bonge la mtu mwenye masharubu na moyo mwema, ambaye hajawahi kukubali jambo lolote mara ya kwanza.

"Tihomir, sita na kidogo. Tawi bichi."

"Bi Injinia, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Tawi bichi, kilometa ya sita."

Vida aliisikia redio ya gari ikiimba nyuma ya Tihomir.

"Kifaa chenyewe cha kituoni kimeandika kumi na moja," akasema hatimaye.

"Kifaa chenyewe ni kizee, kimejumlisha kila kitu. Mimi nimetenganisha."

"Sita ni pale Donje Jasenje, kwenye malina. Nimepita pale sasa hivi. Nguzo zimesimama, nyaya ziko juu. Tawi litoke wapi? Malina nayo imejifunza kupanda nguzo?"

"Labda ni mti wa kando ya njia."

"Mti gani, Vida? Wewe si umezaliwa pale? Nitajie mti mmoja."

Vida akafumba macho, akapita kijijini kwao kwa mawazo. Kona ya barabara. Chemchemi. Kibanda cha kukaushia plamu, au tuseme kile ambacho paa lake limeanguka. Shamba la malina la mjomba wa Stamenka, mistari kwa mistari, mpaka njia ya makaburini. Mti? Akarudia tena, kona mpaka makaburi. Hakuna mti.

"Umeona?" Tihomir akasema. "Na kule kumi na moja ni msonobari mtupu, msitu mzima. Unataka tawi? Kule utachagua."

"Subiri kwanza."

Akarudia hesabu. Labda waya ulibadilishwa ukawekwa mnene zaidi bila yeye kuambiwa. Akajaribu waya mnene. Sita. Akajaribu mwembamba. Sita na robo. Akaondoa mzigo wa vyumba vya baridi, akaurudisha, akakokotoa kwa mkono kama alivyofundishwa chuoni, kwa kalamu, ulimi nje. Sita. Hakuna kinachoudhi kama hesabu safi inayokushika mkono na kukupeleka mahali ambapo wewe mwenyewe, kwa macho yako, unajua hapana kitu. Jasho likamtoka. Akafikiri, labda nimezeeka. Akafikiri, labda yule bundi alikuwa bahati tu.

"Bi Injinia?" Tihomir akaita. "Malina hazingoji."

Na hapo Vida akafanya kosa ambalo mpaka leo akilikumbuka hujipiga paji la uso.

"Haya," akasema. "Nenda kumi na moja."

Wakapanda mlimani, Tihomir na watu wake, wakapekua msonobari hadi msonobari. Kila baada ya muda simu ililia: hapa hakuna, twende nguzo inayofuata, na hapa hakuna. Adhuhuri ikapita. Mmoja wao aliumwa na nyuki, mwingine akaokota uyoga wa kutosha chakula cha jioni, lakini tawi hawakuliona. Ofisini kahawa ya Vida ilipoa kabisa, na Ljubiša alipopiga kuuliza atakula nini, alijibiwa kwa ukali mpaka akaomba radhi bila kujua kosa lake.

Jua lilipoanza kugeuka, Stamenka akapiga tena. Safari hii hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Vida.

"Chumba cha nne kimeanza kutoa jasho," akasema. "Watu wamekaa nje ya mlango. Hawasemi kitu, Vida. Afadhali wangenitukana."

"Somo, wanatafuta. Wako mlimani."

"Mimi nimefanya yote. Nimeweka mablanketi milangoni. Nimeenda hata kwa zapis yetu takatifu kuwasha mshumaa, niombe."

"Umefanya vizuri."

"Na nimeona ishara, Vida, nisikilize, usinicheke. Majani ya juu yamekuwa meusi. Na palikuwa na harufu ya moshi, na mshumaa wangu hata nilikuwa sijauwasha!"

Vida alikuwa ameinua kikombe. Akakirudisha mezani polepole.

"Stamenka. Zapis iko wapi?"

"Ala! Umepigwa na jua? Umeenda pale kila mwaka tangu unabebwa mgongoni!"

"Niambie kama unavyomwambia mgeni."

"Haya, mgeni. Mwisho wa shamba la mjomba, kabla ya njia ya makaburini. Mwaloni mkubwa, una msalaba kwenye gome, umesimama pale tangu mababu, chini ya zile…" Stamenka akakatika sauti. "Chini ya zile nyaya. Yesu na Maria!"

Sasa nikuambie, maana mtu wa mbali atasema hawa watu ni vipofu. Donje Jasenje hakuna anayeiita zapis mti. Mti ni kitu cha kukata, kuchoma, kugombania na jirani. Zapis ni zapis. Kila mwaka baada ya Pasaka kijiji kizima huuzunguka mwaloni ule na mikate na mabango ya kanisa, padri huukwangua msalaba uonekane upya, wanaomba mvua ya kiasi na mavuno mema, kisha wanakula hapo kivulini mpaka mikanda ilegezwe. Kuukata hata kijitawi kimoja ni balaa ya mwaka mzima. Mafundi wanapofyeka matawi chini ya laini kila masika, wakifika pale huvua kofia na kupita. Vida mwenyewe alipofumba macho asubuhi ile aliiona zapis vizuri kabisa. Hakuihesabu tu.

Akampigia Tihomir. "Teremka. Ni zapis."

Tihomir akashusha sauti.

"Zapis si mti, Vida."

"Kwa umeme ni mti! Teremka!"

Alipofika kijijini kwa gari lake, funguo bado zinaning'inia kwenye mlango wa ofisi alikozisahau, alikuta watu wamejaa pale njiani. Laini ilikuwa imezimwa na kuunganishwa na ardhi pande zote mbili, hakuna hatari. Ukisimama barabarani huoni kitu, majani yamefunga. Lakini ukiingia chini kabisa, ukaegemea shina na kutazama juu, liko pale: tawi nene kama kiuno cha mtu, limepasuka nusu, limelala juu ya nyaya mbili kama mlevi aliyekumbatia wenzake, na majani yake yameungua. Vida alilitazama kwa furaha ya ajabu. Sita na kidogo, bichi! Alitamani kulipiga picha.

Tihomir alikuwa amesimama na msumeno mkono mmoja na kofia mkono mwingine, uso umempauka.

"Panda basi," Stamenka akamwambia.

"Baba yangu alikata pale kijitawi cha kidole tu," Tihomir akasema. "Cha kidole! Mwezi ule ule akaanguka na ngazi, mguu vipande viwili."

"Baba yako alikuwa amelewa."

"Alikuwa amelewa kila siku! Mbona siku nyingine hakuanguka?"

Watu wakatikisa vichwa. Hapo alikuwa na hoja. Stamenka akaurukia msumeno. "Lete hapa! Nikate mimi! Laana ya zapis siijui, lakini ya hawa walionizunguka naanza kuijua!" Wakavutana, huyu mshikio, yule meno, mpaka Vida akaingia katikati yao.

"Acheni, mtakatana vidole." Akatoa simu, akampigia padri. "Baba Gavrilo, ubariki. Malina zako ziko chumba gani?"

"Cha nne," sauti ikasema. "Kwani vipi?"

"Basi njoo kwenye zapis. Mbio."

Alikuja na lile gari lake dogo linalotoa moshi kuliko chetezo, joho amelipandisha magotini, kishada cha mrihani na chupa ya maji ya baraka kwenye kiti cha mbele. Akasikiliza. Akaenda kwenye shina, akatazama juu kwa muda, midomo ikicheza.

"Wazee wenu waliutia alama ulinde mavuno," akasema. "Umelinda. Tawi moja limechoka kazi. Aliyechoka hupumzishwa. Tuombe."

Haijawahi kusikika sala fupi namna ile katika kanisa letu. Akanyunyiza maji juu ya shina, juu ya msumeno, na mengi juu ya Tihomir.

"Kata, mwanangu."

"Baba, nishikie ngazi."

"Nimeishika."

"Na hiyo stola yako nivae."

"Utaipasua!"

"Basi sipandi."

Padri akamtazama, akamtazama Stamenka, akakumbuka chumba cha nne. Akaivua ile stola yake ya hariri yenye misalaba ya dhahabu, akamfunga Tihomir shingoni kama skafu ya mtoto mwenye mafua. Na hivyo ndivyo alivyopanda, bonge la mtu, helmeti ya manjano, mkanda wa usalama, na dhahabu ikimeremeta kifuani, huku kijiji kizima kikijipiga ishara ya msalaba kwa mkono mmoja na kujiziba kicheko kwa mwingine. Kwa kila mvuto wa msumeno alisema "nisamehe." Tawi lilipoangushwa, kwa kamba, taratibu, alikibusu kisiki chake kabla ya kushuka.

Waliondoa viunganishi vya ardhini, Vida akapiga simu kituoni, na kila mtu akatega sikio. Kisha kutoka upande wa vyumba vya baridi ikasikika ile ngurumo ya mashine ikianza, moja, ya pili, mpaka zote nne. Stamenka alikimbia kwa miguu yake mifupi, akafungua mlango wa chumba cha nne kidogo tu, akaingiza mkono, akatoka na kiganja kilichojaa malina ngumu kama kokoto.

"Zimetoka jasho tu!" akapiga kelele, na hiyo ilikuwa sauti yake halisi, bonde la pili lilisikia. "Jasho tu, jamani!" Akamkumbatia Vida akalia, akamkumbatia padri, akamkumbatia na Tihomir na hariri yake.

Rakija, pombe yetu kali ya matunda, ikaletwa, na kajmaki, yale malai mazito ya maziwa, na mkate wa mahindi ukiwa bado wa moto. Wakakaa pale pale. Tawi liliachwa chini ya mwaloni wake, maana kuni za zapis hazichomwi. Vida alijikuta ameketi karibu na Tihomir, ambaye alikuwa hajavua stola na padri amechoka kuidai.

"Nikuambie kitu, Bi Injinia?" akasema chini chini. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kuwa ni hii. Tangu asubuhi. Uliposema sita, tawi bichi, moyo ulinifanya paa!"

"Ebo! Na ukawapandisha wenzako mlimani mchana kutwa? Wakaumwa na nyuki? Ulikwenda kufanya nini huko?"

Tihomir akajifuta masharubu. "Nilikwenda kutafuta mti mwingine."

Vida alicheka mpaka rakija ikampalia, wakamgonga mgongoni. Alitaka kumgombeza, akashindwa, kwa sababu na yeye alikuwa na jibu mkononi tangu asubuhi, akalifanyia hesabu upya mara nne akitafuta waya mwingine. Stamenka nusura apoteze heshima yake yote kijijini kwa ajili ya woga wao wawili. Alisikia aibu, na aliisema.

"Siku nyingine nikikuambia sita, nenda sita hata kama ni madhabahuni."

"Na wewe siku nyingine nikikubishia, usinikubalie upesi hivyo. Nilikuwa nangoja unishinde."

Masika yaliyofuata, baada ya Pasaka, kijiji kiliuzunguka mwaloni kama kawaida, mikate mbele, mabango nyuma. Baba Gavrilo akaukwangua msalaba, akaanza kuomba, safari hii sala ndefu ya kawaida, na watu wote wakainamisha vichwa. Vida naye aliinamisha. Halafu akashindwa kujizuia, akainua macho polepole kupima nafasi kati ya matawi na nyaya, na upande wa pili wa shina akakuta macho ya Tihomir yameshafika huko juu.

"Mita mbili," Tihomir akanong'ona.

"Na nusu," Vida akanong'ona.

"Salini, nyie wawili," akasema Baba Gavrilo, kitabu mkononi, huku naye akitazama juu.